Pumzi ya Udongo: Namna ya Kupima Kaboni Dayoksaidi Itokayo Ardhini

Mwishoni mwa kiangazi vilima vya Kingerikiti, upande wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, huonekana vimelala. Nyasi zimekauka na udongo umekuwa vumbi. Mvua ya kwanza inyeshapo, harufu ya ardhi iliyolowa hupanda. Pamoja nayo hupanda kitu kisichoonekana wala kunukia: hewa ya kaboni dayoksaidi.

Hewa hiyo huingia na kutoka katika kila shamba na kila msitu. Mchana majani huivuta na, kwa nguvu ya mwanga wa jua, huigeuza kuwa chakula cha mmea. Mchana na usiku mimea, wanyama, bakteria na kuvu hupumua na kuirudisha angani. Tofauti baina ya kiasi kiingiacho na kitokacho ndiyo mizania ya mahali hapo. Apimaye mchana tu, wakati wa masika, ataona faida peke yake. Hasara ya usiku na ya majira mengine haitaonekana katika hesabu yake.

Jambo hili lilichunguzwa mapema katika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, mboji yake huoza kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, kisha kasi hupungua. Ukikauka na kuloweshwa tena, tukio hujirudia. Baadhi ya vijidudu hufa wakati wa ukavu; maji yarudipo, vilivyosalia hupata chakula tele na kupumua kwa nguvu. Wanasayansi ulimwenguni huliita tukio hilo kwa jina la Birch.

Kwa mkulima jambo hili si dogo. Kaboni itokayo ni mboji inayopungua. Wamatengo wa nyanda za juu za Mbinga wana kilimo cha ngoro: nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati na kuzifunika. Mashimo huzuia maji yasiteremke na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kurutubisha matuta. Sehemu ya kaboni ya nyasi hizo hurudi angani, na sehemu hubaki kuwa mboji. Ni kiasi gani? Swali hilo hujibiwa kwa kipimo, si kwa kukisia.

Watafiti hutumia minara mirefu kuliko miti. Juu yake chombo kimoja hupima kasi ya hewa ipandayo na ishukayo, na kingine hupima kaboni dayoksaidi iliyomo, mara 10 au zaidi kila sekunde. Mnara wa namna hiyo uliwekwa mwaka 2007 katika msitu wa miombo wa Kataba, karibu na Mongu, magharibi mwa Zambia. Gharama yake ni kubwa, lakini shule yenye maabara ya kawaida inaweza kupima pumzi ya udongo kwa ndoo.

Jaribio

Ng'oa majani mahali palipochaguliwa. Weka juu ya kijiti bakuli la plastiki lenye mililita 50 za sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita. Bakuli lisiwe la alumini, kwa kuwa dawa hiyo huila. Lifunike kwa ndoo isiyopitisha mwanga, na udidimize ukingo wa ndoo sentimita 2 ardhini. Weka nyasi juu yake kuzuia joto. Andaa ndoo ya pili vivyo hivyo, lakini mdomo wake uzibwe kabisa kwa plastiki ili hewa ya udongo isiingie. Dawa hii huunguza ngozi na macho. Mwalimu ndiye aishike.

Baada ya saa 24, ongeza bariamu kloraidi katika kila bakuli, kisha matone ya fenolfthaleini. Dondosha asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita mpaka rangi ya waridi itoweke. Kila mililita 1 ya tofauti baina ya mabakuli mawili ni sawa na miligramu 22 za kaboni dayoksaidi.

Tuchukue mfano. Ndoo iliyozibwa imetumia mililita 49 za asidi, na ya udongo mililita 33. Tofauti ni 16; hivyo 16 × 22 = miligramu 352. Ikiwa mdomo wa ndoo una eneo la mita za mraba 0.07, udongo umetoa gramu 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Mazoezi

1. Pima katika shamba na katika msitu wa jirani: mwishoni mwa kiangazi, siku moja baada ya mvua ya kwanza, na katikati ya masika. Chora jedwali la matokeo.

2. Kwa nini ndoo haipitishi mwanga?

3. Siku hizi utunzaji wa kaboni ya misitu hulipiwa fedha. Kijiji kikipewa hesabu iliyotokana na vipimo vya mchana wa masika pekee, wanakijiji waulize maswali gani kabla ya kuikubali?