Mwalimu Achunguzaye Asiachwe Peke Yake

Mwalimu achunguzaye mafundisho yake peke yake hukata tamaa upesi, kwani kila kosa alionalo huliona ni aibu yake. Wajapani wana njia yao, uchunguzi wa somo: walimu hulitengeneza somo pamoja, mmoja akalisomesha, wenziwe wakasimama kando wakitazama ni wapi watoto watatizikapo, kisha huketi wakalijadili. Likiharibika, ni la wote. Walimu wetu wa hesabu na sayansi nao walikusanywa katika mradi wa SMASSE, ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Lakini kwetu, aingiaye darasani na daftari hudhaniwa mkaguzi, na mwalimu hubadili sauti! Basi, ndugu zetu, mwenzenu mwiteni tangu siku ya kulitengeneza somo, si siku ya kulisomesha tu.