Mtaji wa Mwanamke na Ulinzi wa Sheria

Kinachowakwamisha wanawake wengi wa Tanzania Bara katika biashara ndogo ni mtaji, dhamana na ujauzito. Yote matatu yamo katika sheria.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Mali iliyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja wao huchukuliwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo leseni, risiti za cherehani au friji na mkataba wa pango la fremu viandikwe jina la mwenye biashara, hata kama mume ndiye aliyekwenda dukani.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake. Hata hati ikiwa na jina la mume pekee, hawezi kuiuza, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mke, na mke anaweza kusajili zuio kwenye ardhi hiyo. Fomu ya ridhaa ya benki isomwe yote kabla ya kutiwa saini, kwa sababu mkopo usipolipwa, familia nzima huweza kutolewa nje. Ndoa ikivunjika, mama wa nyumbani naye ana fungu: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Asiye na dhamana aanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake.

Kuhusu ujauzito, mwajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha, kisha hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Mwajiri ajulishwe miezi 3 kabla, kwa cheti cha daktari. Kufukuzwa kwa sababu ya mimba ni uachishaji kazi usio halali. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na aliyechelewa huomba kwanza kibali akieleza sababu.