Kichupa kimoja, vipimo viwili

Swali: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, Nyangwe. Kichupa cha artesunate, dawa ya malaria kali, cha miligramu 60 mwenzangu hukitia maji ya chumvi mililita 2, nami 5. Nani amekosea?

Jibu: Ndugu muuguzi, yamkini hakuna aliyekosea, na hapo ndipo penye hatari. Poda ikiisha kuyeyuka katika mililita 1 ya bikaboneti, sindano ya mshipa hutaka mililita 5 za maji ya chumvi, ilhali ya msuli hutaka 2. Kwa hiyo mililita moja hubeba miligramu 10 katika hali ya kwanza, na 20 katika ya pili. Mtoto wa kilo 12, ambaye kwa kuwa hajafikia kilo 20 haki yake ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36, hupata mililita 3.6 mshipani au 1.8 msulini, nazo hupandishwa hadi 4 au 2. Anayebadili njia pasipo kubadili hesabu humzidishia maradufu au humpunja nusu. Kumbukumbu ya zamu ya usiku si amana ya kutegemewa. Basi mpimeni mtoto kwa mizani, andikeni uzito, njia na saa, mwenzako ahakiki kabla ya sindano, na dawa iliyopitisha saa moja tangu kuchanganywa imwageni.