Amplifaya ya Valvu na Upigaji wa Haraka wa Gitaa

Wapigaji wa gitaa la umeme husema kwamba amplifaya nyingine za valvu ni nzito: noti zikipigwa kwa haraka, mashine huonekana kubaki nyuma ya vidole. Mhandisi akisikia maneno hayo huelekea kucheka. Ishara ya umeme hupita katika amplifaya kwa muda usiofika milisekunde 1, ilhali sauti, ikisafiri hewani mita 343 kwa sekunde, huhitaji karibu milisekunde 9 kumfikia mpigaji aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika. Kama kuchelewa ndiko kungekuwa tatizo, dawa yake ingekuwa kusogea karibu. Hata hivyo wapigaji hawakosei. Wanachokihisi kipo na kinapimika, ila kina jina jingine.

Valvu za nguvu, zile zinazosukuma spika, hufanya kazi kwa volteji kubwa, mara nyingi kati ya 300 na 450. Volteji hiyo hutoka katika transfoma, ambayo hutoa mkondo geu. Kisha mkondo huo hunyooshwa, na chaji huwekwa akiba katika kapasita. Transfoma ina ukinzani wake, na valvu ya kunyoosha mkondo ina wake. Noti inapopigwa kwa nguvu, valvu za nguvu huvuta mkondo mwingi ghafla, na volteji hushuka. Mtu aliyekaa jirani na mashine ya kusaga nafaka amekwisha kuliona jambo hili: mota inapoanza kuzunguka, taa ya nyumbani hufifia kidogo, kisha hurudi.

Kiasi cha kushuka hutegemea kifaa kinachonyoosha mkondo. Valvu aina ya 5Y3, iliyotumiwa katika amplifaya ndogo za Fender za miaka ya 1950, hupoteza takriban volti 60 inapopitisha miliampea 125. Valvu ya GZ34 hupoteza takriban volti 17 tu hata kwa miliampea 225, na dayodi ya silikoni hupoteza karibu volti 1. Tuseme volteji imeshuka kutoka 400 hadi 360. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volteji, nguvu ya juu kabisa hubaki asilimia 81. Kwa sikio, hiyo ni tofauti isiyofika desibeli 1, nayo ni ndogo mno. Basi kwa nini mkono uitambue?

Jibu limo katika muda. Chukua ukinzani wa jumla wa omu 500 na kapasita ya mikrofaradi 32. Zao lake ni sekunde 0.016, yaani milisekunde 16, na ili kapasita ijae karibu kabisa huhitaji mara tano ya muda huo, yaani milisekunde 80. Mpigaji anayepiga noti nne katika kila pigo, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hupiga noti moja kila milisekunde 125. Akifikisha mapigo 180, nafasi hiyo hupungua kuwa milisekunde 83. Tena uzi wa gitaa haunyamazi kati ya noti mbili; unaendelea kulia na kuvuta mkondo. Hivyo noti ya kwanza hupata volteji kamili na kichwa kilichochongoka, na zinazofuata hukuta akiba imepungua, vichwa vyao vikabanwa. Kisha noti inapofifia, volteji hupanda, na mkia wa noti huonekana kujaa. Yaani amplifaya haichelewi; inakumbuka noti iliyopita.

Kumbukumbu hiyo si hasara kwa kila mtu. Anayeziunganisha noti kwa vidole vya mkono wa kushoto, bila kuupiga uzi kila mara, hufurahi, kwa sababu noti dhaifu hukaribiana na zile zenye nguvu. Anayetaka kila noti isikike imekatwa peke yake hulalamika. Nao wapigaji wa sebene ya Kongo, ambao hupiga kwa kasi lakini kwa sauti safi, hawaguswi sana, maana amplifaya isiyosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake haishushi volteji kwa kiasi cha kutambulika.

Kasoro ya kweli ni nyingine, na mara nyingi hulaumiwa volteji bure. Ishara ikizidi kiasi, gridi ya valvu ya nguvu huvuta mkondo, na kapasita inayoiunganisha na hatua iliyotangulia hupata chaji isiyotakiwa. Chaji hiyo huifunga valvu mpaka iishe. Kwa kapasita ya mikrofaradi 0.1 na ukinzani wa kiloomu 220, muda wake ni milisekunde 22. Kwa mikrofaradi 0.022, ni kama milisekunde 5. Katika hali ya kwanza noti za haraka hukatika na kukwaruza, jambo ambalo hakuna anayelipenda.

Mwalimu asifungue amplifaya ya valvu mbele ya wanafunzi: kapasita zake huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Betri ya volti 9, ukinzani wa kiloomu 10, kapasita ya mikrofaradi 1,000 na voltimita vinatosha. Ukinzani uunganishwe kati ya betri na kapasita, na upande wa chanya wa kapasita uelekee chanya ya betri. Baada ya sekunde 10 kapasita itakuwa na karibu volti 5.7, na baada ya sekunde 50 itakaribia 9. Kisha mwanafunzi aguse ncha za kapasita kwa ukinzani wa kiloomu 1 kwa muda wa sekunde moja, kila baada ya sekunde 50, na aandike volteji anayoikuta kabla ya kila mguso. Arudie kila baada ya sekunde 10. Safari hii volteji anayoikuta itapungua mguso hadi mguso, mpaka itulie katika kiwango cha chini.