Kamba ya al-Muttalib na Ramani ya Mafuriko



Wanahistoria wa Makka, akiwemo al-Azraqi, wanasimulia kwamba mwaka wa 17 Hijria, katika zama za Sayyidna Umar (r.a.), mafuriko makubwa yaliingia Msikiti Mtukufu. Yaling'oa jiwe la Maqamu Ibrahim yakalipeleka hadi upande wa chini wa mji. Jiwe lilipatikana, lakini maji yalikuwa yamefuta mahali pake. Umar alikuja kutoka Madina akauliza: nani anajua liliposimama? Al-Muttalib bin Abi Wadaa akasema yeye anajua. Alikuwa amehofia jambo kama hilo kabla halijatokea, akapima kwa kamba umbali wa Maqamu kutoka sehemu zilizo jirani, na kamba yake ilikuwa nyumbani. Ikaletwa, wakapima, jiwe likarudi mahali pake. Kisha Umar akaamuru boma lijengwe upande wa juu wa mji ili kuyageuza maji.

Sahaba huyu hakudai kujua mafuriko yatakuja lini. Alijua tu kwamba Makka iko bondeni, na kwamba bonde ni njia ya maji.

Nasema hivi kwa sababu kila ninapotaja ramani za mafuriko kwa wenzangu, hakosi mmoja wa kunisomea Suratu Luqman, aya ya 34: mvua ni katika mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na hakuna Muislamu wa kulipinga hilo. Lakini mtaalamu wa ramani hasemi mvua itanyesha Jumanne. Anasema: ikinyesha mvua ya kiasi hiki, maji yatapita hapa, yatafika kimo hiki, na yatakuta nyumba hizi. Hayo ni maarifa ya mwinuko wa ardhi na tabia ya maji, vitu ambavyo Allah ameviendesha kwa kanuni tunazoziona kwa macho.

Modeli ya hatari, kwa lugha nyepesi, huuliza maswali matatu kwa pamoja: tukio lina uwezekano gani, nani au nini kiko njiani, na kina udhaifu kiasi gani. Nyumba mbili zinaweza kupata maji ya kimo kimoja. Ya matofali ya kuchoma na msingi wa mawe ikabaki, ya matofali mabichi ikaanguka. Tukio ni lile lile, hatari ni tofauti.

Hapo kwenye uwezekano watu wengi hujikwaa. Wakisikia "mafuriko ya miaka 100" wanadhani yakishapita tumepumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Ukijenga nyumba ukakaa miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Na mafuriko ya miaka 10? Mwanafunzi anayekaa miaka 4 tu katika chumba cha kupanga ana uwezekano wa asilimia 34 hivi. Piga hesabu mwenyewe: 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, kisha toa jibu kwenye 1.

Sasa tuje Kinanira. Mito ya Bujumbura hushuka kwa kasi kutoka milima ya Mirwa na kuingia Ziwa Tanganyika baada ya mwendo mfupi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua moja iliua watu zaidi ya 60 upande wa kaskazini wa mji, Gatunguru na Kamenge zikiwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Aprili 2020 mto Rusizi uliifunika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia barabarani na majumbani.

Kinanira iko kusini, kati ya mito Muha na Kanyosha, na iko juu kuliko Gatumba au Buterere. Kwa hiyo ramani inayopaka rangi ya buluu mahali maji yanapotuama inaweza kumdanganya mkazi wa huku akajiona salama. Mito hii hula kingo. Korongo hupanuka msimu hadi msimu, na parseli iliyokuwa mbali na mto inajikuta ukingoni. Mtu hapati hata kikombe cha maji sebuleni, ila asubuhi ukuta wa nyuma haupo. Kwangu mimi, ramani ya kingo zinazobomoka ndiyo inayohitajika zaidi huku.

Tena modeli nyingi hutumia data ya mwinuko iliyochukuliwa na setilaiti, ambapo kila kipande cha ardhi ni mita 30 kwa 30. Mtaro wa mita 2 hauonekani humo. Daraja dogo lililozibwa na takataka halionekani. Huo si uongo wa ramani, ni mpaka wa macho yake, na anayeweza kuujaza ni mtu anayeishi hapo.

Dar es Salaam walifanya hivyo. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Ardhi, wakaingia mitaani pamoja na wakazi. Walichora nyumba, njia na mitaro, wakawauliza wenyeji maji yalifika wapi mwaka gani. Ramani zikawekwa wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi wa fiqhi moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akakemea udanganyifu. Sasa mtazame dalali, komisioneri wetu wa hapa, anayeuza parseli ya ukingoni wakati wa kiangazi, Julai, korongo likiwa kavu na watoto wanacheza mpira ndani yake. Anajua ukingo ulirudi nyuma kiasi gani Aprili iliyopita. Akinyamaza, naona hiyo ni aibu ya bidhaa iliyofichwa, na mlango wa khiyari ya kurudisha unapaswa kujadiliwa na masheikh wetu. Na kamati inayopokea kiwanja cha waqfu kwa ajili ya madrasa iulize hilo kabla ya kushukuru.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Kabla mvua za Septemba hazijaanza, wanafunzi wanaokaa Kinanira wachague sehemu kumi za ukingo wa Muha na Kanyosha. Kila sehemu, pima kwa futi ya fundi kutoka kona ya nyumba isiyohamishika hadi ukingo, piga picha, andika tarehe. Waulize wazee ukingo ulikuwa wapi 2014. Rudieni Januari, kisha Mei, kwenye kona zile zile. Nakala moja ibaki msikitini, nyingine apewe mkuu wa kartiye.