Baada ya Kumaliza Deni

Siku ya kumaliza deni ni siku njema. Mtu hulala usingizi. Hamkwepi mwenzake njiani. Akisikia hodi mlangoni, moyo haumruki. Mama akipeleka ndizi zake gulioni Tengeru siku ya Jumamosi, fedha atakayorudi nayo ni yake mwenyewe.

Lakini siku hiyo ina hatari yake, na hatari hiyo ndiyo somo letu la leo. Wako watu ambao hurudi katika deni kabla mwaka haujaisha. Si wajinga, wala si wavivu. Mara nyingi kinachowarudisha ni chungu cha nyumbani: unga umekwisha, mahindi sokoni yamepanda bei, watoto wanataka kula. Basi baba au mama anakwenda tena kwa mkopeshaji.

Kwanza, maliza kabisa

Ukilipa shilingi ya mwisho, usiondoke hivi hivi. Dai stakabadhi iliyoandikwa kwamba deni limekwisha. Isome mwenyewe. Wewe sasa unajua kusoma. Angalia jina lako, tarehe, na kiasi ulicholipa. Kama uliweka dhamana, irudishwe siku hiyo hiyo, iwe ni karatasi ya kiwanja, kadi ya benki, au baiskeli. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mkopeshaji asiyetaka kuandika kitu mbele yako ni mtu wa kuogopwa.

Tena ujiandae. Mtu aliyemaliza deni vizuri hutafutwa. Mkopeshaji atakuambia, “Wewe ni mteja mwaminifu, sasa nakupa mara mbili.” Simu nayo italeta ujumbe kwamba unastahili mkopo mkubwa zaidi. Maneno hayo ni matamu, lakini mkopo unaoitwa kausha damu haukupata jina hilo bure.

Fedha ya deni ipewe kazi mpya

Tuseme ulikuwa ukilipa shilingi 10,000 kila Jumamosi. Ulizoea kuishi bila fedha hiyo. Ilikuwa taabu, lakini uliweza. Sasa deni limekwisha, na Jumamosi inayofuata ile 10,000 iko mkononi. Usipoipa kazi siku hiyo hiyo, itapotea. Hutajua imekwenda wapi. Kidogo soda, kidogo vocha ya simu, kidogo pombe, kidogo nyama ya kuchoma kwa kuwa tumepata nafuu.

Hata nchi hukutana na jambo hili. Mwaka 1967, hapa hapa Arusha, Azimio la Arusha lilionya taifa lisijenge maendeleo yake juu ya misaada na mikopo. Hata hivyo madeni yaliongezeka miaka iliyofuata. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha wa sehemu kubwa ya deni lake la nje. Sehemu ya fedha iliyookolewa ilielekezwa katika elimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ulianza mpango wa MMEM wa kujenga madarasa na kuandikisha watoto. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia shule. Fedha ile ilipewa kazi inayojulikana, ndiyo maana ilionekana. (Nchi imekopa tena tangu wakati huo. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Nyumbani ni vivyo hivyo. Endelea kulipa kila Jumamosi, ila sasa lipa ghala lako.

Hesabu ya debe

Katika vijiji vya Mlima Meru, na hata kwetu bondeni Themi na Njiro, mahindi yana majira yake. Masika huanza Machi. Mavuno makubwa huja Julai na Agosti, na huko juu penye baridi huchelewa zaidi. Wakati wa mavuno mahindi ni mengi na bei iko chini. Kuanzia Januari hadi Mei ghala nyingi ni tupu na bei iko juu. Mtu mwenye deni huumia mara mbili. Anauza mahindi wakati wa bei ndogo ili alipe, kisha anayanunua yale yale wakati wa bei kubwa ili ale.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za soko lako.

Debe moja Agosti: shilingi 10,000.
Debe moja Machi: shilingi 18,000.
Kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba kuna wiki 13.
Kila Jumamosi unanunua debe 1: 13 x 10,000 = 130,000.
Debe hizo 13 ukizinunua Machi: 13 x 18,000 = 234,000.
Tofauti: 104,000.

Debe moja la mahindi makavu lina uzito wa karibu kilo 18. Nyumba ya watu 6 ikitumia kilo 2 kwa siku, debe moja ni chakula cha siku 9. Debe 13 ni siku 117, yaani karibu miezi 4. Ukianza kulila ghala hilo Januari, linakufikisha mwisho wa Aprili. Ukichanganya na ndizi mshare siku mbili au tatu kila wiki, unaweza kuyakuta mavuno mapya bila kwenda kwa mtu.

Mwenye shamba hana haja ya kununua. Kazi yake ni kutouza. Debe za chakula zitengwe kwanza, ndipo yauzwe yaliyobaki.

Ghala lisilinde wadudu

Kununua mahindi kisha kuwalisha dumuzi ni hasara tupu. Mdudu huyu aliingia nchini kwetu kutoka ng'ambo, akaonekana kwanza upande wa Tabora karibu na mwaka 1980. Wakulima wengine walimwita Skania, kwa jinsi alivyopita katika ghala kama lori. Hutoboa punje mpaka ibaki vumbi.

Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Yaanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Ukitaka kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, kisha tikisa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike tena.

Iko mifuko maalumu yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa nje. Ukifunga kila tabaka barabara, hewa haiingii na wadudu hufa bila dawa. Bei ya mfuko iingize katika hesabu yako, lakini ukiutunza usitoboke hutumika tena msimu unaofuata. Mwezi wa Agosti, maonyesho ya Nane Nane yakifika viwanja vya Themi, nenda ukamwulize bwana shamba akuonyeshe jinsi ya kuufunga.

Usinunue mahindi yenye ukungu kwa sababu ni ya bei rahisi. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine wakafa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Manyara ni jirani yetu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na wala usidhani kuku wataila salama.

Chungu cha makande

Watu wa Arusha hawana haja ya kufundishwa makande. Bibi zetu waliyajua kabla ya darasa lolote. Wakiyachanganya na maziwa ya mgando wanapata loshoro, na hicho ni chakula cha heshima. Hata hivyo siku hizi wako vijana wanaoyaita chakula cha shule, wakatamani chipsi. Ajabu ni kwamba makande huujenga mwili vizuri kuliko hizo chipsi. Mahindi yana upungufu fulani, na maharage yanauziba. Vikichanganywa, vinakaribia kufanya kazi ya nyama. Vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharage ni kipimo kizuri.

Gharama kubwa ya makande ni kuni au mkaa. Loweka mahindi na maharage tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine. Yataiva upesi zaidi. Iko njia nyingine nzuri. Yakishachemka sana kwa nusu saa au zaidi, funika sufuria na uiweke ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya migomba au matambara, kisha funika na blanketi kuukuu. Joto halitoki, makande yanaendelea kuiva peke yake, nawe unakwenda shamba. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kula.

Wengi hutia magadi ili maharage yalainike. Hapa kwetu kuna tatizo. Maji ya sehemu nyingi za Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo maana meno ya watoto wetu huwa na rangi ya kahawia. Magadi nayo mara nyingi yana floraidi. Kuloweka kunatosha. Acha magadi, hasa katika chakula cha watoto wadogo.

Kuhusu unga, dona ni rahisi kuliko sembe. Sembe hulipiwa kukoboa na kusaga, tena sehemu ya mahindi yako hubaki mashineni kama pumba. Dona husagwa yote, na kile kiini chenye mafuta na nguvu hubaki ndani ya unga. Ila dona halikai muda mrefu, huchacha. Saga ya wiki moja au mbili tu.

Mboga iko karibu

Mnafu, mchicha, majani ya maboga na majani ya kunde huota kwetu kwa urahisi. Ngogwe nazo huzaa kwa miezi mingi. Asiye na shamba anaweza kujaza udongo na samadi katika gunia, akapanda mboga juu na ubavuni, akamwagilia maji yaliyooshea mboga. Gunia mbili au tatu zinasaidia sana nyumba moja. Konzi moja ya dagaa iliyotiwa ndani ya mboga humpa mtoto kitu ambacho mboga peke yake haina. Mboga zilizomwagiliwa maji ya Mto Themi baada ya kupita mjini zioshwe kwa maji safi na zipikwe ziive, maana mto ule hubeba uchafu wa watu wengi.

Jihadhari na kununua vitu kidogo kidogo. Mafuta ya kupima kila siku, sukari robo, kipande cha sabuni: vyote hivyo hugharimu zaidi ukivijumlisha. Andika kwa wiki moja kila unachonunua dukani, kisha uliza bei ya lita nzima, kilo nzima, na mche mzima. Hesabu itakuambia.

Pasipofaa kubania

Iko nyumba inayobana matumizi kwa njia mbaya. Baba anapakuliwa kwanza, watoto wanafuata, na mama anakula ukoko. Hapo hakuna kilichookolewa. Mama mjamzito au anayenyonyesha akikosa chakula, fedha ile itakwenda hospitali. Wenye nyumba wakae pamoja, baba na mama, wakubaliane kitu gani kipungue. Kipungue kwa wote. Maziwa ya mtoto mdogo, kliniki na madaftari ya shule visiguswe.

Na michango je? Hapa pagumu. Jirani akisikia umemaliza deni, kadi ya mchango wa harusi inafika. Huwezi kuishi kijijini bila kuchangia, maana kesho ni msiba wako. Lakini mtu anaweza kusema kwa adabu, “Shemeji, fedha sina, nitaleta debe la ndizi, na siku yenyewe nitakuja kupika.” Anayekukasirikia kwa hilo, mwache akasirike. Msiba ni tofauti. Kwa msiba tenga kitu kidogo kila mwezi kabla haujatokea, au ingia katika kikundi cha kuzikana, ili usikope siku ya kilio.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Katika soko mnalolitumia, debe la mahindi lilikuwa bei gani Agosti iliyopita? Machi je? Fanyeni hesabu ya debe 13 kwa bei hizo.

2. Nyumba yako inatumia kilo ngapi za mahindi kwa siku? Debe moja ni siku ngapi?

3. Mwanakisomo mmoja anasema, “Mimi sina pa kuweka mahindi, nyumba ni ya kupanga, chumba kimoja.” Mtamshauri nini?

4. Andika mfano wa stakabadhi ya kumaliza deni. Weka tarehe, majina mawili, kiasi cha fedha, na mahali pa kutia sahihi.