Hewa ya Wodini

Katika hospitali nyingine feni moja huvuta hewa chafu ya vyumba vingi kwa mabomba. Chumba kilicho karibu na feni huvutwa sana. Cha mwisho, pengine ndicho alicholazwa mgonjwa wa kifua kikuu, huvutwa kidogo mno. Kwa hiyo mafundi huweka ndani ya bomba la kila chumba kidhibiti chenye kibati na springi. Mvuto ukizidi, kibati hujifunga kiasi na njia hupungua. Ukilegea, springi hukifungua. Hakihitaji umeme. Vumbi likikigandisha, kisafishwe. Lakini feni ikizimika, hakisaidii kitu. Hapo fungueni madirisha ya nje, hata usiku. Mlango wa korido ubaki umefungwa.